Kusubiri hakumo kwenye BOQ

Swali: Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi ujenzi mwaka wa tatu. Masomo ya hesabu kama miundo na mekanika ya udongo nafanya vizuri, ila Usimamizi wa Miradi ya Ujenzi nimepata C wakati nilikariri kila kitu. Wenzangu wanasema ni somo la maneno tu, la kujazia alama. Je, kazini linasaidia kweli? Muhula huu tuna sehemu ya pili, nilisomeje? Na nikifanya mradi wa mwaka wa mwisho huko, si nitaonekana nimekimbia hesabu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nusu ya jibu umeitoa mwenyewe kwa neno moja: ulikariri. Hata mimi nililikariri. Kipindi chetu kilikuwa Ijumaa saa nane mchana, wengine ndio wametoka msikitini, wengine wametoka kula wali maharage, na mwalimu anaorodhesha ubaoni kazi za meneja: kupanga, kuratibu, kudhibiti. Niliziandika, nikazitema kwenye mtihani, nikapata B, nikazisahau. Mwaka mmoja na kidogo baadaye nikiwa saiti, somo hilohilo lilimgharimu mwajiri wangu shilingi milioni 27.6. Nitafika huko.

Kwanza hili la "somo la maneno". Mchoro unakuonyesha umbo la kitu. BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake, inakuonyesha kiasi na bei: nondo kilo ngapi, zege mita za ujazo ngapi. Ukivishika viwili hivyo unajiona una mradi mzima kwapani. Pindua kurasa zote za BOQ unitafutie mstari unaosema "kusubiri". Hutauona. Hutaona pia fedha inaingia tarehe ngapi, wala nani alimwambia nani nini siku ile mvua iliponyesha. Mambo hayo matatu, muda, mtiririko wa fedha na kumbukumbu, hayachorwi wala hayapimwi kwa futi kamba, na ndiyo yanayoua miradi. Somo lako ni la mambo hayo.

Tushike kazi moja ndogo. Kalavati la sanduku, tundu moja, kwenye barabara ya kijijini. Kuchepusha maji na kutengeneza njia ya magari pembeni, siku 4. Kuchimba, siku 3. Zege jembamba la kusawazisha chini, siku 1. Wakati hayo yanaendelea, mafundi nondo wako pembeni wanakata na kukunja nondo za kitako, siku 5. Kisha kupanga nondo na kumwaga kitako, siku 3. Kuta mbili, siku 6. Slabu ya juu, siku 5. Halafu slabu inaachwa ikomae kabla ya kung'oa mirunda. Tuseme mkataba unataka siku 14. Mabawa ya mawe, zile kuta za pembeni za kuzuia udongo, yanachukua siku 7 na yanaweza kuanza mara kitako kinapokamilika. Mwisho kujaza kifusi na kushindilia, siku 4, na hapo lazima mirunda iwe imetoka na mabawa yamesimama.

Chukua karatasi uchore kabla hujaendelea kusoma. Kila kazi kisanduku, mshale uende kwenye kazi inayoisubiri. Pita mbele ukijumlisha, kisha rudi nyuma ukitoa.

Umepata siku 40? Vizuri. Kuchepusha, kuchimba, kusawazisha, kitako, kuta, slabu, kukomaa, kifusi: huo ndio mlolongo mama. Siku moja ikipotea humo, kalavati zima limechelewa siku moja. Kazi ya kukata nondo ina mwanya wa siku 3, yaani inaweza kuchelewa siku hizo bila kuchelewesha kalavati, kwa sababu inachukua 5 na kitako hakiwezi kuanza kabla ya siku ya 8. Mabawa yanaanza siku ya 11, yanaisha ya 18, na hakuna anayeyahitaji mpaka siku ya 36. Mwanya wa siku 18.

Sasa tazama kilicho kirefu kuliko vyote kwenye mlolongo ule. Siku 14 ambazo hakuna mtu anayeshika hata koleo. Ukiongeza vibarua ishirini hazipungui. Ukimfokea foremani hazipungui. Mwenye mradi akija siku ya 30 akaona saiti kimya, mlinzi anasinzia, mama ntilie ameshahamia saiti nyingine, ataanza kupiga simu. Msimamizi asiyeijua ratiba yake atatishika na kuleta mafundi mawe wa ziada ili saiti "ichangamke". Fedha imetumika, mabawa yamewahi, na kalavati litaisha siku ileile ya 40. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na si mara moja. Kama unataka kweli kuokoa muda, nenda kwenye kuta na slabu: andaa fomu za kuta (mbao za kushikilia zege) wakati bado mnachimba, kunja nondo zote mapema, zungumza na mhandisi mshauri, anayesimamia kazi kwa niaba ya mwenye mradi, kuhusu kuvunja kyubu za ziada (vipande vya zege vya kupimia nguvu) ili mirunda itoke kwa nguvu ya zege iliyopimwa badala ya kuhesabu siku tu, ikiwa mkataba unaruhusu.

Naamini hapo ndipo C yako ilipotoka. Mtihani uliuliza mwanya wa kazi fulani ni siku ngapi, ukatoa namba. Kisha ukauliza, je, mkandarasi aongeze watu wapi? Ukaandika faida tano za kupanga.

Na hizo siku zimetoka wapi? Hili wanafunzi wengi hawajiulizi, muda wa kila kazi wanaukuta umeshaandikwa kwenye swali kama umeshuka mbinguni. Kazini hakuna wa kukuandikia. Siku 3 za kuchimba nilizipata hivi: udongo ni mita za ujazo 60, mtu mmoja kwa jembe na koleo kwenye udongo wa kawaida anatoa kama mita 2 kwa siku, nina vibarua 10. Gawanya. Lakini hiyo 2 ni ya udongo mkavu na watu walioshiba. Maji yakianza kuchuruzika shimoni unaishia kwenye 1, na Jumatatu baada ya Jumamosi ya malipo hesabu vibarua 7 badala ya 10. Mhandisi mwenye namba zake mwenyewe za namna hii, alizozipima kwenye saiti zake, ana mali kuliko mwenye programu ya bei mbaya kwenye kompyuta.

Usidhani haya ni ya kalavati tu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, la megawati 2,115, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2018. Kuanza kujaza maji kulitangazwa kuwa Novemba 2021. Kulifanyika Desemba 22, 2022. Miongoni mwa sababu zilizotolewa na Serikali ni kuchelewa kufika kwa winchi ya kunyanyulia milango ya chuma ya kufunga handaki lililochepusha mto. Fikiria: tuta kubwa la zege, maelfu ya wafanyakazi, na mlango wa handaki unasubiri chombo kimoja kutoka nje. Winchi ile si kitu ukiipima kwa bei ya mradi mzima, ila ilikuwa imekaa kwenye mlolongo mama. Tena mto una kalenda yake. Ukikosa msimu wa maji mengi, kuchelewa kwa wiki kunaweza kugeuka kuwa mwaka, jambo ambalo ratiba ya kawaida ya kuchora mistari haionyeshi mpaka uandike masika na vuli juu yake kwa kalamu nyekundu.

(Hesabu hii ya mitandao ya kazi ilianzia kwa wahandisi wa kampuni ya kemikali ya DuPont huko Marekani mwaka 1957, na mwaka uliofuata jeshi la majini la nchi hiyo likaja na mbinu ya jamii hiyohiyo kwa makombora ya Polaris. Ukiulizwa kwenye mtihani, hiyo ni alama mbili. Songa mbele.)

Sasa zile milioni 27.6. Nilikuwa mhandisi wa saiti kwenye barabara ndogo, mkataba wa bilioni 1.2. Kwenye kilomita ya tatu nyumba moja ilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara na mwenye nyumba hajalipwa fidia. Mzee alitoka na kiti chake akakaa mbele ya kijiko, mtambo wetu wa kuchimbia. Hakutukana mtu. Alisema tu, mkishalipa nitahama. Kijiko kikasimama chini ya mwembe siku 23, opereta akawa analala ndani yake. Kila mtu aliliona: mhandisi mshauri alipita pale mara tatu, mtu wa halmashauri alikuja, wote wakatikisa kichwa wakasema tunalifanyia kazi. Mimi kijana nikaona yameisha, si wote wanajua?

Mkataba wetu ulifuata masharti ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Kifungu 20.1 kinasema mkandarasi anayetaka kuongezewa muda au fedha atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, jambo lililomchelewesha. Asipotoa, haki imekwenda. Nilikuwa nimekisoma kifungu hicho chuoni. Nilikuwa nimekikariri! Miezi minne baadaye, tarehe ya kukabidhi ilipokaribia, tukaomba siku 23. Mhandisi mshauri, mtu mpole kabisa, akauliza swali moja: barua yenu ya tarehe ngapi? Tukasema hakuna barua ila ulikuja ukaona. Akaomba shajara ya saiti. Foremani alikuwa na mtindo wa kunakili ukurasa wa jana. Siku zote 23 shajara ilisema: "Hali ya hewa nzuri. Kazi zinaendelea."

Adhabu ya ucheleweshaji ilikuwa asilimia 0.1 ya bei ya mkataba kwa siku. Piga hesabu mwenyewe.

Toleo la FIDIC la mwaka 2017 limehamishia jambo hilo kifungu 20.2 na limeongeza muda wa kuwasilisha madai kamili kutoka siku 42 hadi 84, ila siku 28 za taarifa ya kwanza zimebaki palepale. Mikataba mingi ya serikali yetu hutumia nyaraka zake na siku zake, kwa hiyo ukiingia saiti kitu cha kwanza kabla hata ya kuvaa helmeti ni kusoma sehemu ya masharti maalumu ya mkataba ule. Barua yenyewe haihitaji ufundi. Mistari minne: tarehe, kilichotokea, kifungu, tunahifadhi haki yetu. Ningeandika barua ile kwa dakika kumi nikiwa nimekaa kwenye tairi la kijiko.

Nije kwenye fedha, maana sehemu ya pili ya somo lako huwa inaingia huko. Watu wanadhani mkandarasi hufilisika kwa sababu alikosea bei. Wapo. Ila nimeona wengi zaidi wakianguka wakiwa na faida kwenye makaratasi. Chukua kazi ya milioni 360 ya miezi 6, kila mwezi milioni 60, na gharama yako halisi ni milioni 54 kwa mwezi. Faida yote ni milioni 36, si haba. Kwa masharti yale ya 1999, kazi ya Januari unaiombea malipo mwanzoni mwa Februari, mhandisi ana siku 28 za kutoa hati ya malipo, na mwenye mradi ana siku 56 tangu mhandisi alipopokea maombi yako kukulipa. Umefika mwisho wa Machi. Wakati huo umeshafanya kazi ya Januari, Februari na Machi, umetumia milioni 162, na shilingi ya kwanza haijaingia. Ikiingia, itakuwa imekatwa asilimia inayozuiliwa, nusu mpaka ukabidhi kazi na nusu mpaka umalize kipindi cha uangalizi wa kasoro. Na hiyo ni kama mlipaji ni mwaminifu wa tarehe, jambo ambalo nakuachia ulitafakari.

Vibarua hawajui siku 56. Wanajua Jumamosi.

Kwa hiyo unapochora ule mkunjo wa fedha unaofanana na herufi S, usichore mmoja. Chora wa fedha inayotoka na wa fedha inayoingia kwenye karatasi moja, halafu pima pengo lililo refu kuliko yote kati yake. Pengo hilo ndilo fedha unayotakiwa kuwa nayo au kukopa, na riba yake ilipaswa kuwa ndani ya bei yako tangu siku ya zabuni. Malipo ya awali yanaliziba kwa sehemu: asilimia 15 ya kazi ile ni milioni 54, mwezi mmoja wa gharama. Swali la mtihani likikupa vyote hivi na kuuliza "mshauri mkandarasi", una cha kusema.

Nilisomeje, umeuliza. Achana na muhtasari wa kurasa arobaini unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Tafuta kazi moja ndogo ya kweli, choo cha shule, uzio, kalavati, hata nyumba ya jirani inayojengwa, uishi nayo muhula mzima. Kila mada inayofundishwa ipeleke huko. Wakifundisha makadirio, pima idadi zake. Wakifundisha ratiba, ichore. Wakifika kwenye mikataba, jiulize pale kwa jirani nani ni mshitiri (mwenye mradi), nani mkandarasi, na kwa nini fundi mkuu amegoma leo. (Mara nyingi ni kwa sababu makubaliano yalikuwa ya mdomo na "kumaliza ukuta" kwa fundi hakukuwa na maana ya kupiga ripu.) Programu za ratiba kama Microsoft Project na Primavera P6 utajifunza, lakini baada ya kuweza kuchora mtandao wa kazi kumi na tano kwa penseli. Kompyuta itakubali kwa moyo mkunjufu kupaka rangi ukuta ambao haujajengwa, kama hujaiambia kipi kinatangulia.

Kuhusu kukimbia hesabu kwenye mradi wa mwisho: inategemea utafanya nini. Ukija na "Sababu za Kuchelewa kwa Miradi ya Ujenzi Jijini", ukagawa dodoso kwa watu hamsini wajaze kutoka moja hadi tano, ndiyo, umekimbia. Majibu yake tunayajua hata kabla hujachapa dodoso: malipo kuchelewa, mabadiliko ya michoro, mvua. Maktaba za vyuo vyetu zimejaa kazi hizo.

Pima kitu. Nondo inauzwa kwa urefu wa mita 12. Ratiba ya nondo, yaani orodha ya vipande vya kukata, ikitaka vipande vya mita 4.5, unapata viwili na mita 3 inabaki chini. Robo ya nondo uliyoinunua. Sasa tafuta saiti ya ghorofa, omba ratiba yao ya nondo, pima mabaki yaliyolundikwa pale kwenye uzio, halafu tengeneza mpango wa kukata unaooanisha vipande vya mita 4.5 na vya mita 3 vinavyohitajika kwingine. Onyesha tani ngapi zingeokolewa. Hapo kuna hesabu ya kutosha kumnyamazisha mwalimu yeyote wa miundo. Au simama kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, siku kumi na saa mkononi, uandike kila mzunguko: kupakia, kuchanganya, kumwaga, kusubiri toroli. Utagundua kwamba muda mwingi mikisa haichanganyi. Inasubiri.

Ukihitimu na kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, utaingia miaka mitatu ya mafunzo kazini chini ya mhandisi anayekulea, kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Kusanifu bimu utafanya, ila siku zako nyingi zitaliwa na haya niliyoyaeleza, hasa ukienda upande wa wakandarasi.

Kwa sasa una PT, mafunzo kwa vitendo, ya likizo ndefu mbele yako. Nunua daftari la jalada gumu, lile la mhasibu wa duka. Kila jioni kabla hujaoga andika: watu wangapi walikuja kwa kila fani, mashine zipi zilifanya kazi na zipi zilisimama na kwa nini, kiasi gani kimefanyika, mvua ilianza na kuisha saa ngapi, nani alitoa maelekezo gani. Usinakili ukurasa wa jana. Chagua kazi moja kwenye saiti hiyo, chora ratiba yake siku ya kwanza kwa namba zako mwenyewe, na kando ya kila kisanduku weka tarehe iliyoanza kweli na iliyoisha kweli. Ukirudi chuo nitumie picha ya karatasi hiyo, nitaisoma.